Huawei IDEOS: Simu ya Elfu Nane Iliyohamisha Ofisi

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo sina simu mpya. Hii mnayoiona mkononi ni Huawei IDEOS, modeli ya U8150, ile ambayo Safaricom waliileta madukani Kenya mwaka 2011 kwa takriban shilingi elfu nane. Wakati huo simu janja zilikuwa za mabosi. Sisi wengine tulikuwa na mulika mwizi, zile simu ndogo za tochi.

Haya, niisogeze kwenye kamera. Kioo ni inchi 2.8, nikiandika kidole gumba kinakula nusu ya kibodi. Nyuma unachokoa kava kwa ukucha, betri hii hapa, 1,200 mAh. Kamera ni moja, megapikseli 3, haina flashi. Ya mbele haipo kabisa, selfi sahau. Prosesa ni ya megahezi 528, kwa hivyo ukifungua ramani, nenda kwanza ukateleke chai.

Lakini tazameni hapa. Naingia kwenye mipangilio, mitandao, nashuka... hotspoti. Android 2.2 iliyo humu ndiyo toleo lililoleta uwezo huo, na hii inagawa intaneti kwa vifaa hadi vinane. Kabla yake, mtu wa kazi za kompyuta alikwenda saiba, analipia kwa dakika huku jicho liko kwenye saa, au alichomeka modemu kwenye laptopu yake, na wenzake wakae wakimtazama. Sasa vijana wanne wanaagiza chai hotelini, simu iko katikati ya meza, kila mtu na laptopu yake, kazi inasonga. Kodi ya ofisi hailipwi! Mteja akituma marekebisho kwa imeili, unayasoma ukiwa ndani ya matatu. Ubaya nao ukaja humo humo: bosi akishajua imeili unayo mfukoni, kutoka kazini saa kumi na moja jioni ni jina tu.

Mazungumzo nayo yakabadilika. Kwenye SMS tulihesabu herufi 160 na kubana maneno mpaka yakawa fumbo. WhatsApp ilipoingia, mwenye duka anapiga picha ya mzigo, anamtumia mteja, bei inapatanwa hapo hapo. Ila wanaosema simu janja ndizo zilizotuletea M-Pesa, hapana. M-Pesa ilianza 2007, iko kwenye menyu ya laini, na mulika mwizi ilituma pesa vizuri tu.

Kinachoniudhi kwenye IDEOS ni nafasi ya ndani. Programu chache tu, tayari inalia imejaa, hata ukiwa umetia memori kadi. Hilo siwasamehe.

Mkiikuta inauzwa leo, msinunue kwa ajili ya WhatsApp, maana WhatsApp iliiacha Android 2.2 tangu mwisho wa 2016. Kwa kupiga, SMS na M-Pesa bado inafaa. Mwenye hii anataka elfu moja mia tano. Mimi nimemwambia mia nane.