Jumamosi sita za kukereza mbao Keko: uzoefu wangu

Tangu niweke picha ya kinu changu cha kutwangia saumu kwenye status, simu haijatulia. Umejifunzia wapi, kwa nani, shilingi ngapi? Naandika hapa mara moja kwa faida ya wote, pamoja na yale ambayo picha haikuonyesha.

Nimejifunza kukereza, yaani kuchonga mti ukiwa unazunguka kwenye mashine, kwa fundi mmoja wa Keko, hapa Dar, mimi na yeye tu, Jumamosi sita. Tulianza saa tatu asubuhi tukaenda mpaka adhana ya adhuhuri, shilingi 45,000 kila Jumamosi. Vipande vya kuharibu ni vyake na vimejaa tele nyuma ya karakana. Mbao ya kazi yako unanunua mwenyewe. Nikijumlisha miwani ya kinga, barakoa na mbao, nilitumia 331,000. Mume wangu anajua laki mbili, naomba ibaki hivyo.

Mimi ni mtu wa hesabu ofisini, sikuwahi kushika hata randa. Nilikuwa nimetazama video za kukereza miezi miwili mizima, nikajiona karibu fundi. Useremala vyuo vya ufundi vya VETA wanafundisha, ila mwenye ajira ya Jumatatu hadi Ijumaa ataingia darasani lini? Huyu mzee sikumfuata kama mwalimu. Nilikwenda kuchukua miguu ya meza niliyoagiza, nikasimama kumtazama akitoa nguzo za ngazi moja baada ya nyingine, mpaka akazima mashine. "Mama, umekuja kuchukua miguu au kuhesabu maranda?" Bei tulipatana palepale, kwenye kikombe cha kahawa chungu na kashata.

Msitegemee mashine mliyoiona kwenye video. Hii ni ya kuungwa hapahapa mjini: vyuma viwili virefu sambamba, mota upande mmoja, mkanda, na puli za ukubwa tofauti. Ukitaka kubadili mwendo unazima, unahamisha mkanda kwa mkono. Mzee hana habari na mizunguko kwa dakika. Kanuni yake ni "mti mnene, puli nene", yaani mti mnene uzunguke polepole, basi. Nilipokwenda kusoma nyumbani nikakuta wenzetu wana hesabu yake: kipenyo cha mti kwa inchi, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, jibu liangukie kati ya 6,000 na 9,000. Mpini wa inchi 2 unaweza kwenda 3,000 na zaidi, lakini bakuli la inchi 10 mwisho wake ni kama 900. Nilimpelekea hesabu hiyo kwa mbwembwe. Akaisikiliza yote, akasema, "Ndiyo hiyo hiyo. Puli nene."

Siku ya kwanza hata patasi sikugusa kwa nusu saa. Alinivua pete na bangili, akaniambia mtandio niuchomeke ndani ya gauni na mikono niikunje juu ya kiwiko. Nilikuwa nimenunua glovu mpya. Akazitundika msumarini na huko zilikaa hadi siku ya mwisho. Glovu ikidakwa na mti unaozunguka haitoki peke yake, inaondoka na mkono. Halafu kila mara kabla ya kuwasha, zungusha mti kwa mkono mzunguko mzima uone haugusi egemeo la patasi. Na wakati wa kuwasha simama pembeni, si mbele ya mti. Miwani alikuwa nayo moja tu, imechubuka kiasi kwamba kuivaa ni sawa na kufumba macho. Hili ni lalamiko langu la kwanza. Nunua yako.

Lalamiko la pili ndilo lililotaka kunikimbiza. Mzee hawezi kuona mbao inaharibika. Nikikosea kidogo tu, mkono wake umeshafika, patasi imeshanitoka, na yeye anamalizia huku akisema "hivi, hivi, umeona?" Nilikuwa naona, ndiyo, hata kwenye video nilikuwa naona. Mti wa kusukumia chapati niliotoka nao Jumamosi ya kwanza ulikuwa mzuri ajabu, nyumbani wakanisifu, na mimi nikajua kwamba katika mti ule changu ni ncha moja tu, ile iliyopinda.

Jumamosi ya pili yakawa yale yale. Nikamwambia, kwa adabu lakini nikamwambia: "Shikamoo tena mzee, mimi nimelipia kuharibu." Vijana wa karakana wakacheka. Yeye hakucheka. Alichukua kigoda chake, akakisogeza mpaka mlangoni, akakaa amenipa mgongo anatazama barabara. Nikajua nimemuudhi na 45,000 zangu zimekwenda.

Nikawasha. Nikaweka bobari, ile patasi yenye mfereji, juu ya egemeo, nikaanza kupunguza kipande cha mninga. Haijapita dakika, bila kugeuka, akasema: "Shavu limeachia."

Shavu ni ule ubapa ulionolewa chini ya makali. Somo lote la kukereza, kama nimelielewa, limo hapo: kwanza patasi iegemee, pili shavu liguse mti bila kukata, ndipo unyanyue mpini polepole mpaka makali yaanze kula. Shavu likiwa limekaa, mti unabeba patasi na maranda yanatoka marefu, yamejikunja kama maganda ya viazi. Shavu likiachia, makali yanabaki yenyewe, na hapo hukati tena. Haya yote nilikuwa nayajua kwa kichwa tangu kwenye video. Sikujua kwamba yana sauti. Patasi iliyokaa sawa inatoa mlio laini usiokatika, kama samaki anayekaangwa kwa moto mdogo. Ikiachia, mlio unakuwa mkavu. "Sasa unakwangua ukoko," alisema kutoka mlangoni, na kweli, ilikuwa sauti ileile ya mwiko kwenye sufuria ya wali.

Saa mbili nzima alinifundisha hivyo, amenipa mgongo, anakunywa kahawa yake, anasalimiana na wapita njia, na katikati ya salamu anatupa neno: shavu, shusha mpini, unasukuma sana, hapo hapo, usiondoke hapo. Kufika adhuhuri nilikuwa nimeanza kusikia mwenyewe kabla hajasema. Kama kuna kitu nililipia katika zile laki tatu, ni saa mbili hizo. Video haikusikii wewe, inakufanya wewe uisikie yenyewe. Na darasa la watu kumi hata mwalimu awe na masikio ya popo hawezi kujua mlio upi ni wa nani.

Jumamosi ya nne nikapewa patasi ya mshazari, na hiyo ndiyo iliyonifunza heshima. Ncha yake ya juu ikagusa mti mahali isipotakiwa, mti ukaidaka. Nilisikia kishindo, nikaona mfereji umechimbika kuzunguka kipande chote kama uzi wa skrubu, kisha kipande kikachomoka kikapiga bati la paa. Hakikunigusa kwa sababu nilikuwa nimesimama alikoniweka. Vijana wakapiga makofi. Kumbe kila mmoja ana siku yake ya bati, na la karakana ile lina mabonde ya kutosha.

Kuhusu vifaa niseme wazi. Patasi zake nyingi ni za kufua mwenyewe, na nzuri ni zile za chuma cha springi ya gari, kinachonyumbuka kidogo. Mbili zilikuwa tupa za zamani zilizonolewa. Tupa ni chuma kigumu lakini kinakatika kama kioo, na patasi ikidakwa kama yangu ilivyodakwa, kipande kinaweza kuruka usoni. Nilikataa kuzitumia, naye hakunilazimisha, ingawa alinitazama kama mtoto anayekataa dagaa. Ukienda kwake, uliza kwanza hii ni springi au tupa. Kunoa kwenye grainda anafundisha vizuri sana, lakini mpaka umwombe. Kwake hilo si somo, ni kama kunawa mikono.

Vumbi ni tatizo lingine. Hakuna mashine ya kulivuta, kuna upepo wa Keko tu. Tulipojaribu mvule nilipiga chafya siku mbili licha ya barakoa, na nimesikia si mimi peke yangu, vumbi la mvule linawasumbua wengi kifua na ngozi. Tena mvule una ujanja wake: ndani ya mbao huwa kuna jiwe jeupe, chokaa kabisa, limejificha kwenye nyuzi. Patasi niliyotoka kuinoa ilipoteza makali kwa mguso mmoja, nami nikadhani nimekosea tena. "Hapo si wewe," alisema mzee. Katika Jumamosi zote sita hiyo ndiyo mara pekee nilipoambiwa maneno hayo.

Umeme ulikatika Jumamosi ya tano, saa moja tu baada ya kuanza. Siku hiyo hakuihesabu, akanifidia Jumapili yake. Anayetaka cheti, au risiti, au kiti cha kukalia, asiende. Choo ni cha jirani.

Sasa kinu. Ni mti wa mfenesi kutoka shamba la shemeji yangu Mkuranga, gogo bichi, manjano tupu ndani. Mzee alipoliona alisema mambo mawili: moyo wa mti usibaki katikati, na mti mbichi ukerezwe nene, uwekwe ukauke, ndipo umaliziwe. Mimi nilikuwa na Jumamosi moja iliyobaki na gogo lenye kipenyo cha kinu kamili. Nikakereza na moyo wake hivyohivyo, nikapiga msasa, nikakishindilia konzi ya maranda kikiwa kinazunguka mpaka kikang'aa bila vanishi, nikapiga picha. Jumatano kilipasuka kutoka mdomoni hadi kitakoni. Upande huo haupo kwenye status.

Cha pili nimekikereza kwa mzee wiki iliyofuata, kwa nusu ya bei, kutoka ubavuni mwa gogo, kuta nene kama mkate. Kimelala chini ya kitanda ndani ya mfuko wa karatasi uliojaa maranda, na kila mwisho wa mwezi nakipima kwenye mizani ya jikoni. Mwezi uliopita gramu 1,310, juzi gramu 1,140. Kikiacha kupungua nitampigia mzee. Namba yake sitaiweka hapa kwa kuwa hajaniruhusu, lakini ukifika Keko ulizia anayefundisha huku amekupa mgongo.