Uzoefu wangu: seti ya ovahoo ya bei nafuu kwa injini ya Toyota 4A-FE

Seti niliyoinunua, ya vipuri vya ovahoo (kuifungua injini na kuitengeneza upya), haina jina linalojulikana. Ndani ya kasha mlikuwa na pistoni nne za ovasaizi ya milimita 0.50 (yaani zenye kipenyo kinachozidi cha awali kwa kiasi hicho), ringi zake, beringi za krenkishafti na za koneksheni rodi, gasketi zote kuanzia ya silinda hedi hadi ya sampu (bakuli la mafuta chini ya injini), pamoja na sili za vali na za krenkishafti. Niliichagua kwa sababu silinda za injini yangu zilikuwa zimelika kiasi cha kutofaa tena kwa pistoni za saizi ya awali, na vipuri halisi vya kiwandani vingegharimu zaidi kuliko thamani ya gari lenyewe.

Pistoni zilitangulia kwa fundi wa kukereza kabla bloki (mwili wa injini wenye silinda) haijaguswa, kwa kuwa silinda huchongwa kufuata pistoni iliyopo mkononi, wala si namba iliyochapwa kwenye kasha. Zote nne zilikuwa na kipimo kimoja, jambo ambalo, nakiri, sikulitarajia kwa bei ile.

Ringi ndizo zilizohitaji kazi. Kanuni ya mafundi wengi ni kuzidisha kipenyo cha silinda kwa 0.004, hivyo silinda ya milimita 81.5 hudai uwazi wa takribani milimita 0.33 kati ya ncha mbili za ringi ya juu. Nilipozisukuma ringi ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili zikae sawasawa, fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi) ilionyesha kwamba baadhi yake zilibana mno. Ringi inayobana namna hiyo hutanuka kwa joto, ncha zake zikagusana, kisha ikakwaruza silinda au kukatika. Nilizichonga kwa tupa laini, kutoka ukingo wa nje kuelekea ndani ili utando wa uso wake usibanduke, na kila ringi nikaiwekea alama ya silinda yake.

Muuzaji anadai kwamba pistoni za ovasaizi huongeza nguvu. Hesabu haimuungi mkono: kwa mwendo wa pistoni wa milimita 77, ujazo unapanda kutoka sentimita za ujazo 1587 hadi 1607 hivi, yaani zaidi kidogo ya asilimia moja. Anayetaka nguvu aanze na njia za hewa na ekzosi.

Beringi nilizipima kwa uzi wa plastiki unaobanwa baina ya beringi na shafti, bila kuizungusha shafti, na nafasi ya mafuta ikawa ndani ya kiwango. Gasketi ni nzuri. Sili ya nyuma ya krenkishafti niliikataa, kwani mdomo wake ulikuwa mgumu na kuibadilisha baadaye hulazimu kushusha giaboksi. Nikanunua ya kiwandani.

Sasa moshi wa buluu, ule wa mafuta ya injini yanayoungua, umekwisha, na mgandamizo wa silinda zote unakaribiana. Naipa seti hii nyota nne kati ya tano. Imepoteza moja kwa sababu ya sili ile, na kwa kukosa karatasi ya vipimo na torki (nguvu ya kukazia bolti): asiye na kitabu cha ufundi cha injini hii, torki renchi na fila geji atafute kwanza vitu hivyo, ndipo aagize.