Nafplio, Ugiriki: mji mtamu ila magoti yajiandae

Nimetoka Nafplio juzi, nililala usiku mbili tu, na mji naupa nyota nne, gesti naipa mbili na moja kati ya hizo ni ya shuka maana zilikuwa safi kweli. Kufika hakuna shida, unapanda basi la KTEL, yale mabasi ya mikoani ya Ugiriki, stendi ya Kifissos pale Athens, kama masaa mawili na nusu hivi, njiani unavuka mfereji wa Corinth, usisinzie maana unapita fasta mno.

Sasa gesti. Ipo kwenye kichochoro cha ngazi, lifti hakuna, na mimi na akili zangu nimebeba sanduku la magurudumu. Tangazo lilisema chumba kinaangalia bahari, na bahari ipo kweli, ila mpaka utoe kichwa dirishani halafu upinde shingo kulia, mwenye gesti mwenyewe alinionyesha namna ya kupinda, wala hana aibu. Jina nalificha.

Palamidi ndo kilichonipeleka, ile ngome juu ya mwamba, Waveneti, yaani watu wa Venice ya Italia, waliijenga 1711 mpaka 1714 halafu mwaka uliofuata tu Waturuki wakaibeba, yaani hasara tupu. Watu wanasema ngazi ni 999, mimi nilihesabu nikapotelea mia tatu na kitu huko nikaacha. Kosa langu nilianza saa tano asubuhi mwezi wa saba, kivuli cha kuokoteza, mawe yamesuguliwa na miguu ya watu hadi yanateleza. Nenda mapema, au chukua teksi, kuna barabara kwa nyuma na hakuna atakayekucheka. Juu wanaonyesha shimo alilofungwa Kolokotronis, jenerali wa vita vya uhuru, kafungwa na serikali ya nchi ileile aliyoipigania! Unaingia umeinama.

Ila kilichonishika zaidi ni kikanisa cha Agios Spyridon, nilikipita mara mbili sijakiona. Hapo mlangoni ndipo walipomuua Kapodistrias, kiongozi wa kwanza wa Ugiriki huru, 1831, wakati mji huu ndo ulikuwa makao makuu kabla hawajahamia Athens 1834. Alama ya risasi ipo ukutani, wameiwekea kioo. Nilisimama pale peke yangu, hakuna foleni wala tiketi, mama mmoja akapita na mfuko wake wa nyanya hata hakugeuka.

Bourtzi, kile kingome kisiwani, mimi niliishia kukiangalia toka ufukweni na kahawa yangu. Zamani walikuwa wanakaa humo wale jamaa wa kuwaua wafungwa wa Palamidi waliohukumiwa kifo, mjini hawakutakiwa kabisa.

Chakula usikae migahawa ya mbele baharini, utalipia upepo, ingia vichochoro vya nyuma ya uwanja wa Syntagma, samaki uleule kwa bei ya kibinadamu. Na usiende wikiendi kama mimi, Jumamosi watu wa Athens wanashuka wote, meza hupati.

Kuogelea ni Arvanitia, hapo karibu tu kwa miguu, maji masafi mpaka unaona vidole vyako, ila chini ni kokoto mwanzo mwisho kwahiyo beba kandambili, mimi niliingia baharini nikicheza kama nimekanyaga makaa na watoto wa Kigiriki wakanicheka mpaka basi.