Niliwaambia D wasiiguse: yaliyonikuta kwa mafundi wa kompyuta

Diski D nilimwambia fundi asiiguse. Nilisema wakati naiweka mashine mezani, nikarudia wakati naandikiwa risiti, na binti wa kaunta akaitikia kwamba amesikia. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro. Diski ya mashine imegawanywa sehemu mbili, C na D. D ndiyo yenye kazi za watu: mitihani ya mock ya shule za jirani, ripoti za fildi za wanafunzi wa SUA, chuo kikuu cha kilimo, barua za vikundi vya VICOBA. C ina Windows na programu tu, hiyo wangeifanya wanavyotaka.

Mashine ilikuwa inastaki. Unaiwasha, inafunguka vizuri, halafu baada ya dakika chache mshale unaganda na saa ya pembeni inasimama. Ukibonyeza Caps Lock hata taa ya kibodi haiwaki. Inabidi ushikilie swichi mpaka izime.

Mimi si fundi ila kompyuta ndiyo inayonilisha, kwa hiyo kabla ya kuipeleka nilikuwa nimeichunguza. Niliiwasha kwa Safe Mode, yaani Windows ikiwa na vitu vya lazima tu, ikaganda. Nikachomoa printa na kila kilichochomekwa, nikabakiza kibodi na mausi, ikaganda. Mwisho nikaingia BIOS, ile skrini ya mipangilio ya mashine inayotangulia Windows, nikaiacha hapohapo bila kugusa kitu, na huko nako ikaganda. Sasa ukiwa BIOS, Windows haijaanza hata kusomwa. Ugonjwa uko kwenye chuma: ramu (kumbukumbu ya muda ya mashine), powasaplai, madabodi au joto. Nikamweleza fundi hayo yote taratibu, kwa heshima.

Akanikatisha. "Bi mkubwa, kama ugonjwa wake unaujua mbona umeileta kwangu? Hii inapigwa Windows inakwisha." Kijana ninayeweza kumzaa, mbele ya wateja, na wenzake wakacheka. Kava hakulifungua. Hakuiwasha hata aone ninachosema.

Nikaifuata siku niliyoambiwa, nikalipa elfu ishirini. Kufika dukani nafungua D, tupu. Nampigia simu, ananijibu kwamba amefomati zote "ili iwe safi". Kupiga Windows, yaani kuiweka upya, hakudai kuigusa D. Ukifika kwenye ukurasa wa kuchagua sehemu ya kuiweka, unachagua C, unaifomati hiyo, unaendelea. D inabaki na mali zake. Hilo anayejifunza kazi analijua mapema kabisa. Na kabla sijakata simu, mashine ikaganda tena vilevile.

Niwatendee haki. Bei zao si za kukomoa, na jirani yangu wa duka la vipodozi alibadilishiwa pale kioo cha laptop, mpaka leo hakijasumbua. Yule binti wa kaunta naye alinipigia baadaye kunipa pole, ingawa kosa halikuwa lake. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema ni watu wa wastani, nendeni kwa tahadhari.

Aliyeniponya ni kijana aliyesoma VETA, anatengenezea kwenye kibaraza cha nyumba yao. Aliniamkia, kisha swali lake la kwanza likawa: "Mama, inaganda ikiwa imefika wapi?" Nikamjibu hata BIOS inaganda. Akachukua bisibisi hapohapo. Kwanza akaitoa diski akaiweka kando, akanieleza kwamba kila ukiiwasha Windows inaweza kuandika vitu juu ya vile vilivyofutwa, na kinachoandikiwa juu hakirudi tena. Kisha akaingia kwenye ramu. Zilikuwa mbili. Akachomoa moja, mashine ikakaa muda mrefu bila kuganda. Akazibadilisha, ikaganda. Akaisugua ile yenye shaka kwenye meno ya kuchomekea kwa kifutio cha penseli, maana mara nyingine huwa ni uchafu tu, ikaganda tena. Akachomeka flashi yenye MemTest86, programu ya kupima ramu, mistari myekundu ya makosa ikajaa kwenye kioo. Kazi yote hiyo haikuhitaji Windows wala diski.

Faili alizitafuta kwa PhotoRec, programu ya kurudisha faili zilizofutwa, akitumia kompyuta yake. Bahati yangu yule wa kwanza alifanya fomati ya haraka, ambayo inafuta orodha ya vilivyomo na kuviacha vyenyewe chini. Ingekuwa fomati kamili, Windows ingepita juu ya diski nzima na kuandika sifuri, na leo nisingekuwa na cha kutafuta. Lakini PhotoRec hairudishi majina. Kila faili imekuja na herufi f na namba ndefu, maelfu, na mimi nafungua moja moja usiku baada ya kufunga duka. Mtihani wa kemia nimeupata. Ripoti ya binti mmoja wa SUA imefunguka nusu, kurasa za matokeo hazimo, na alikuja akasimama mlangoni kwangu analia kwa sababu siku ya kukabidhi ilikuwa inayofuata.

Kwa hiyo lile la tahadhari nalifuta. Msiende. Hata kwa kioo cha laptop msiende, kwa sababu ukiwaachia laptop umewaachia na diski yake, na mtu asiyesikia neno moja ulilomrudia hapaswi kukaa na kazi za wanafunzi wa watu. Mimi nitapita pale wiki hii kudai elfu ishirini yangu, na nitaidai kwa sauti, wateja wakiwepo.