Amplifaya ndogo ya mazoezi ya besi: kabla ya wati, kagua tundu la hedifoni

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wapiga besi wanaoanza yanafanana mno. Kijana amejichanga, amenunua amplifaya ndogo Kariakoo au kwa muuzaji wa mtandaoni, ameitumia miezi kadhaa, kisha siku moja taa inawaka kama kawaida lakini spika iko kimya. Fundi redio anamwambia "IC imekufa", yaani ile chipu inayokuza sauti, anamtoza hela, na haupiti muda tatizo linarudi. Mwingine akivaa hedifoni usiku anasikia sikio moja tu. Mwingine besi yake imefunikwa na mchirizo, kama redio iliyokosa stesheni.

Wote hao wanasumbuliwa na sehemu moja ambayo sijawahi kusikia muuzaji akiitaja.

Kwenye amplifaya nyingi ndogo, sauti ikielekea kwenye spika hupitia kwanza tundu la hedifoni. Ndani ya tundu kuna kijibati chembamba. Ukichomeka pini, kijibati kinanyanyuliwa na spika inakatwa. Ukiichomoa, kinatakiwa kirudi mahali pake. Sasa weka amplifaya hiyo Tanga, Mombasa, Unguja au Dar, kwenye hewa ya chumvi na vumbi la barabarani. Kijibati kinafanya kutu au kinalegea, hakigusi tena sawasawa, na spika inanyamaza ilhali amplifaya yenyewe ni nzima kabisa. Kabla hujampa fundi hata shilingi, chomeka pini na kuichomoa mara kadhaa huku unapiga waya mmoja. Sauti ikirudi, hata kwa kukatikakatika, ugonjwa umeuona. Mwambie fundi asafishe tundu kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia saketi, au abadilishe tundu lenyewe, ambalo ni kifaa cha bei ndogo. Habari za IC usizikubali mpaka hilo limefanyika.

Dukani, inama ulitazame kwa karibu. Tundu lililofungwa kwa nati ya chuma kwa nje lina mahali pa kushikilia, kwa hiyo ukijikwaa kwenye waya, uzito unabebwa na paneli. Lisilo na nati mara nyingi limeshikiliwa na risasi ya kulehemu tu kwenye bodi, na kila waya unapovutwa ile risasi inapata ufa. Kisha nenda na hedifoni zako mwenyewe, uchomeke, upandishe sauti hadi nusu bila kugusa gitaa, na usikilize. Mchirizo unaousikia hapo ndio utakaokaa nao kila usiku. Sauti ikitoka sikio moja, huenda tundu ni la mono, yaani la njia moja ya sauti, na hakuna hedifoni ya bei mbaya itakayolitibu.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu ya tunavyoishi. Wengi wenu mko chumba na sebule, ukuta mmoja na jirani. Waya mnene wa besi, ile E, uko kwenye hezi 41 hivi, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu unaozidi mita nane. Ukuta wa tofali hauzuii kitu kama hicho. Jirani hasikii muziki unaopiga, anasikia mgongo wa kitanda chake ukitetema, na asubuhi mwenye nyumba anakugongea mlango. Kwa hiyo mazoezi mengi ya mwaka wa kwanza mtayafanyia kwenye hedifoni, na spika itasubiri Jumamosi mchana.

Wati sitaki kuzizungumzia sana. Kumi na tano hadi thelathini zinatosha chumbani, na ile namba ya maelfu iliyoandikwa PMPO kwenye boksi, ya kutangazia biashara tu, ipuuzeni. Spika iwe ya inchi 8 kama inawezekana. Na iwe amplifaya ya besi kweli: E ya gitaa la kawaida iko hezi 82, mara mbili ya yenu, na spika iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ukiipigia besi kwa nguvu inakwaruza, baadaye inachanika.

Chaguo langu la kwanza ni Fender Rumble 25, na sioni haya kusema naipendelea. Wati 25, inchi 8, ina tundu la kuingizia wimbo kutoka kwenye simu, na kwenye hedifoni besi inabaki ya mviringo, kila noti ikijitenga na mwenzake. Anayejifunza rumba au benga anahitaji hilo kuliko chochote, maana humo besi inatembea muda wote, na usiposikia mwanzo na mwisho wa noti unajifunza makosa. Hela ikipungua, chukueni ndugu yake mdogo, Rumble 15, nayo ya inchi 8. Ikizidi, na kwaya imeshaanza kukuita, Rumble 40 ina spika ya inchi 10 na tundu la kupeleka sauti moja kwa moja kwenye mixer ya kanisani.

Ya pili ni Orange Crush Bass 25. Tundu lake la hedifoni lina saketi inayoiga sauti ya spika ikiwa ndani ya boksi lake, kwa hiyo besi haikuingii masikioni ikiwa kavu. Ina tyuna, kifaa cha kulinganishia nyuzi, ndani yake pia. Ingekuwa rahisi kupatikana huku, ningefikiria mara mbili kuhusu nafasi ya kwanza. Ampeg RB-108, wati 30, naiweka ya tatu: nzuri, nzito ya sauti. Hartke HD15 ni ya nne kwa sababu spika yake ni inchi 6.5.

Za bei ya chini: Behringer BT108 itakusukuma mwaka. Vox amPlug ya besi inachomekwa kwenye gitaa lenyewe na inatumia betri, haina spika kabisa.

Ila hata ukijua unachotaka, wauzaji wetu wanachosha. Unaona picha nzuri, unauliza bei, unajibiwa "njoo inbox". Ukifika inbox unaulizwa uko wapi na unafanya kazi gani, ndipo bei inatungwa. Dukani ukiomba kuchomeka hedifoni unatazamwa kama mwizi, na risiti imeshapigwa muhuri "mali ikishauzwa hairudishwi". Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mnunuzi. Anayekuuzia amplifaya ya gitaa akikuapia ni ya besi amekupotosha, muhuri au bila muhuri, na Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya aina hiyo.

Wa mtumba ndio wabaya zaidi. Amplifaya imetoka Japani, ni ya volti 100, au Marekani, volti 120, na anakuambia "chomeka tu dada". Umeme wetu ni volti 230. Geuza mgongo wa amplifaya usome kibandiko kabla hajaiwasha, na kama kimebanduliwa, rudisha hela mfukoni.