AutoHotkey toleo la 2: tathmini ya mtu aliyechoka kupanga madirisha kwa mkono

Kazi ya kutafsiri na kuhariri maandiko hunilazimu kuwa na madirisha matano mbele yangu kila asubuhi. Matini chanzi hukaa nusu ya kushoto ya skrini kubwa, tafsiri hukaa nusu ya kulia, na skrini ya pili, ambayo ni ndogo, hubeba jedwali la istilahi, kivinjari chenye kamusi na folda ya mradi wenyewe. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiyafungua na kuyavuta kwa kipanya moja baada ya jingine, na kwa kuwa natumia kompyuta ya mezani, umeme ulipokatika mchana nililazimika kuirudia kazi hiyo yote ulipowaka tena. Dakika nne au tano si nyingi kwa siku, lakini kila nilipomaliza kupanga, wazo nililokuwa nalo kuhusu sentensi fulani lilikuwa limeshapotea, na hasara hiyo ndiyo iliyoniuma. Ndipo nilipoanza kutumia AutoHotkey toleo la 2, na baada ya zaidi ya mwaka mmoja wa kuitumia kila siku ya kazi, naona ninaweza kuitolea tathmini ya haki.

AutoHotkey ni programu huria ya bure inayofanya kazi katika Windows peke yake. Ilianzishwa mwaka 2003 na Chris Mallett, na jina lake linatokana na shabaha yake ya kwanza, yaani kumwezesha mtumiaji kuunganisha vitufe viwili au vitatu vya kibodi na kazi anayotaka ifanyike papo hapo. Kadiri miaka ilivyopita ikawa lugha kamili ya kuandikia skripti, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta huzifuata, yenye vigezo, masharti na vitanzi, na toleo la 2.0 likatoka Desemba 2022 baada ya kipindi kirefu cha majaribio. Toleo la zamani la 1.1 halihudumiwi tena tangu mwaka 2024. Jambo hili lina uzito kwa anayeanza, kwa sababu mifano mingi inayozunguka mtandaoni bado ni ya toleo la zamani, na matoleo haya mawili hayaelewani. Kwa mfano, amri ya WinMove, ambayo ndiyo huhamisha dirisha, zamani ilianza na jina la dirisha ndipo zikafuata namba za mahali pake. Sasa namba hutangulia na jina hufuata. Nilipoteza jioni nzima kabla sijatambua kwamba skripti niliyoinakili iliandikwa kwa kanuni za zamani.

Skripti yenyewe ni faili la maandishi matupu lenye kiishio cha .ahk, ambalo unaweza kuliandika hata kwa Notepad. Hiki ndicho kipande cha kwanza nilichokiandika kikafanya kazi kama nilivyotaka:

#Requires AutoHotkey v2.0
^!k::
{
    Run "C:\Kazi\tafsiri.docx"
    if WinWait("tafsiri ahk_exe WINWORD.EXE", , 20)
        WinMove 960, 0, 960, 1040
}

Mstari wa kwanza unazuia faili lisiendeshwe na toleo lisilolifaa. Wa pili unasema kwamba kazi ianze ninapobonyeza Ctrl, Alt na K kwa pamoja. Kisha hati inafunguliwa, skripti inasubiri dirisha lake litokee kwa muda usiozidi sekunde 20, na likitokea linapelekwa nusu ya kulia ya skrini yenye upana wa pikseli 1920 na kimo cha 1080, zikiachwa pikseli 40 chini kwa ajili ya upau wa kazi wa Windows 10. Mtu asiyewahi kuandika programu hata moja anaweza kukielewa kipande hiki kwa kukisoma mara mbili, na hilo ndilo lililonipa moyo wa kuendelea.

Neno la kuzingatia zaidi hapo ni kusubiri. Wengi tunapoanza, tunaiambia skripti ifungue programu, ilale kwa sekunde tano, kisha isogeze dirisha. Siku ambayo kompyuta ni nyepesi, sekunde tatu kati ya hizo zinapotea bure. Siku ambayo Windows inapakua masasisho yake kimyakimya, sekunde tano hazitoshi, na skripti inasogeza dirisha jingine kabisa lililokuwa mbele. WinWait inaondoa kubahatisha huko, kwa kuwa inasubiri tukio lenyewe: dirisha likitokea baada ya nusu sekunde, kazi inaendelea baada ya nusu sekunde, likichelewa kwa sekunde 15, skripti inalingoja, lisipotokea kabisa, inajibu sifuri nawe unaamua la kufanya. Tangu nilipoondoa usingizi wote katika skripti yangu na kuweka WinWait mahali pake, mpangilio haujavurugika kwa sababu ya mwendo wa kompyuta. Tahadhari moja tu: amri ya kulala, Sleep, huhesabu kwa milisekunde, ilhali WinWait huhesabu kwa sekunde, kwa hiyo anayezoea moja asiichukulie nyingine kuwa sawa nayo.

Sehemu ya pili inayodai uvumilivu ni kulitambulisha dirisha. Unaweza kulitaja kwa maneno yaliyo katika kichwa chake, kwa jina la faili la programu inayolimiliki, au kwa vyote viwili kwa pamoja, kama nilivyofanya hapo juu. Kichwa peke yake hakitoshi kwa vivinjari, kwa sababu hubadilika kila unapohamia ukurasa mwingine. Jina la programu peke yake halitoshi kwa Word, kwa sababu hati mbili zilizofunguliwa ni madirisha mawili ya programu ileile. Ndani ya AutoHotkey kimo chombo kidogo kiitwacho Window Spy, ambacho hukuonyesha kichwa, aina, programu na vipimo vya dirisha lolote unalopitishia kipanya. Nakisifu chombo hiki bila kusita, kwa maana bila hicho ningekuwa nakisia kila kitu. Kwa programu zinazotoka katika duka la Microsoft hata chombo hiki kinahitaji jicho la makini, kwani madirisha yake mengi yanaonekana kumilikiwa na ApplicationFrameHost.exe badala ya jina unalolitarajia.

Kivinjari cha Chrome kilinifundisha jambo jingine. Amri ya Run inaweza kukurudishia namba ya utambulisho wa programu iliyofunguliwa, nami nilidhani namba hiyo ingetosha kulikamata dirisha jipya. Haikutosha, kwa sababu Chrome mpya ikikuta nyingine tayari iko hai, huikabidhi kazi ile ya kwanza kisha yenyewe ikajifunga. Suluhisho nililolifuata ni kuorodhesha madirisha ya Chrome kabla ya kufungua, kufungua kwa kuongeza --new-window mwishoni mwa amri, kisha kulitafuta lile ambalo halikuwemo katika orodha ya kwanza. Ni mistari kama kumi tu, lakini ilinigharimu Jumamosi nzima.

Yapo pia matatizo ambayo chanzo chake ni Windows yenyewe, na si haki kuilaumu AutoHotkey kwa ajili yake, ingawa anayeandika skripti ndiye anayekutana nayo. Katika Windows 10 na 11, madirisha mengi yana ukingo usioonekana wa pikseli kama 7 kushoto, kulia na chini. Ukiyapanga madirisha mawili kwa hesabu kamili ya nusu kwa nusu, utaona mwanya kati yake unaoonyesha picha ya nyuma. Mimi huanza dirisha pikseli 7 kushoto zaidi, na kuliongezea upana wa pikseli 14 na kimo cha pikseli 7, ndipo kingo zinazoonekana zinapogusana. Aidha, dirisha lililotanuliwa kujaza skrini nzima linapaswa kurudishwa kwanza katika hali ya kawaida kwa WinRestore kabla ya kusogezwa. Na kama una skrini mbili zenye viwango tofauti vya ukuzaji wa maandishi, kama zangu, dirisha linalovuka kutoka moja kwenda nyingine hubadilishwa ukubwa na mfumo likiwa njiani. Nililazimika kuirudia amri ya WinMove mara ya pili ili vipimo vikae sawa. Si jambo la kupendeza kulisoma ndani ya skripti, lakini linafanya kazi.

Kuhusu usalama, mambo mawili yanapaswa kujulikana mapema. Skripti ya kawaida haiwezi kulisogeza dirisha la programu iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, na hili ni jambo jema, kwa sababu ni kinga dhidi ya programu mbaya. La pili ni kwamba skripti zinaweza kugeuzwa kuwa mafaili ya .exe ili ziendeshwe bila kusakinisha AutoHotkey, na baadhi ya programu za kuzuia virusi huyashuku mafaili hayo hata yanapokuwa safi. Katika ofisi moja niliyoifanyia kazi, faili langu lilifutwa kabla hata sijalifungua. Tangu hapo hutunza skripti kama maandishi matupu, ambayo mtu yeyote wa idara ya kompyuta anaweza kuyasoma mstari kwa mstari na kujiridhisha.

Sikuichagua AutoHotkey bila kuijaribu njia nyingine. Windows 11 ina mipangilio ya kugawa skrini inayotokea ukiweka kipanya juu ya kitufe cha kutanua dirisha, nayo inamtosha mtu mwenye madirisha mawili au matatu, ila haifungui kitu chochote. Microsoft pia hutoa bure mkusanyo wa zana uitwao PowerToys, ambao tangu mwaka 2024 una zana iitwayo Workspaces: unapanga madirisha yako, inakariri programu zilizopo na mahali pake, kisha siku nyingine inazifungua na kuzirudisha kwa kubofya mara moja. Kwa asiyependa kuandika hata mstari mmoja, ningemshauri aanze na hiyo. Hata hivyo, ukitaka ifungue hati mahususi inabidi uandike vigezo vya kila programu kwa mkono, wala haikupi nafasi ya kuweka sharti, kwa mfano kwamba skrini ya pili isipokuwepo, jedwali la istilahi likae chini ya tafsiri. Vilevile PowerToys ni mzigo wa zaidi ya megabaiti 200 kupakua, ilhali AutoHotkey ni megabaiti chache, tofauti ambayo anayeishi kwa bando la simu anaihisi mara moja.

Nyaraka za AutoHotkey ni nzuri, zenye mfano chini ya karibu kila amri, lakini hazipo kwa Kiswahili, na majina ya amri yenyewe ni ya Kiingereza. Naliona hili kuwa kizuizi cha kweli kwa makarani na walimu wengi ambao wangefaidika nayo kuliko mimi. Kinachotia matumaini ni kwamba majina unayoyabuni mwenyewe yanaweza kuwa ya lugha yoyote. Katika skripti yangu kuna kazi zinazoitwa FunguaHati, SubiriDirisha na PangaKushoto, na ndani yake ndimo zilimofichwa amri za Kiingereza. Anayelifungua faili hilo hukutana kwanza na maneno kama PangaKushoto("tafsiri"), akaelewa kinachofanyika bila kuulizia. Ningependa sana kuona walimu wa kompyuta wakiwaanzishia wanafunzi wao kwa njia hii, kwa kuwa mwanafunzi huona matunda ya mstari alioandika palepale kwenye skrini, dirisha likihama mbele ya macho yake.

Nikipima kwa nyota tano, naipa nne na nusu. Nusu ninayoizuia ni kwa ajili ya ule mchanganyiko wa mifano ya matoleo mawili, ambao unawakatisha tamaa wanaoanza. Kwa mtu ambaye meza yake ya kazi hubadilika kila siku, saa atakazotumia kuandika skripti hazitamrudia. Kwa mhasibu, mhariri, mtunza kumbukumbu au yeyote anayefungua vitu vilevile mahali palepale, mwisho wa juma mmoja wa kujifunza unalipika ndani ya mwezi.

Mwezi uliopita nilimpa skripti hiyo mwenzangu tunayetafsiri pamoja, ambaye kompyuta yake ni mpakato yenye skrini moja tu. Kabla ya kumpa niliondoa namba zote nilizokuwa nimeziandika moja kwa moja, nikaweka MonitorGetWorkArea, ambayo huuliza mfumo eneo halisi la skrini lililo wazi, kisha nikagawanya eneo hilo kwa mbili. Alichohitaji kubadilisha ni mstari mmoja unaotaja folda yake ya kazi, na alipobonyeza Ctrl, Alt na K kwa mara ya kwanza, hati zake mbili zilikaa ubavu kwa ubavu, na jedwali likajipanga chini yake.