Kadi 60 za kuzoeza Kiingereza zinazouzwa Lubumbashi: nunua, lakini chukua kalamu ya risasi

Bunda hili linapatikana kwenye meza za fotokopi mjini Lubumbashi kwa faranga 12,000. Limetengenezwa kwa ajili ya watu waliosoma Kiingereza miaka mingi shuleni, lakini wakifika mpakani Kasumbalesa na kukutana na mfanyabiashara wa Zambia, midomo inafunga. Kila kadi ina ulizo moja la maisha ya kila siku. Pembeni imeandikwa kanuni ya sarufi inayotafutwa. Nyuma kuna majibu mawili ya mfano na maelezo kwa Kifaransa. Halili mega za intaneti, na umeme ukikatika unaendelea na mshumaa.

Nguvu yake iko kwenye maulizo ambayo huwezi kuyajibu bila kupita katika kanuni yenyewe. “Tell me everything you did yesterday before noon” inakutoa vitenzi nane au kumi vya wakati uliopita, upende usipende. Hapo ndipo makosa yanajitokeza: mtu anasema “I wake up, I wash” huku anasimulia ya jana, au anatamka -ed yote kama silabi kamili, “wash-ed, cook-ed”. Masikioni “washed” inaishia na t, “cleaned” inaishia na d, na silabi inaongezeka tu baada ya t au d, kama “wanted” na “needed”. Kadi za kulinganisha masoko mawili nazo ni nzuri sana, maana Kifaransa kinatia “plus” (zaidi) mbele ya karibu kila sifa, basi tunasikia “more cheap” badala ya “cheaper”. Kadi ya kumweleza mama au dada inafichua makosa ya “he” na “she”. Kiswahili kina “yeye” mmoja tu kwa wote, na Kifaransa kinaongeza mtego wake: “son père” (baba yake) inafuata jinsia ya baba, kwa hiyo “Mary loves his father” inatoka bila mtu kushtuka, na baba anakuwa wa mtu mwingine.

Sehemu ya “have” ndiyo yenye mali na ndiyo yenye kasoro. Ulizo “How long have you lived in your neighbourhood?” ni zuri, kwa kuwa karibu kila mara jibu la kwanza ni “I live in Katuba since ten years”. Hicho ni Kifaransa cha “depuis” (tangu) kilichobadilishwa maneno tu. Inatakiwa “I have lived in Katuba for ten years”: “for” kwa urefu wa muda, “since” kwa pale ulipoanzia, kama “since 2015”. Lakini maelezo ya nyuma yanafundisha jambo hili kwa kupitia “j’ai vu” (nimeona au niliona; neno kwa neno “I have seen”), na “j’ai vu” ndiyo inayozaa “I have seen him yesterday”. Wangetumia Kiswahili bora. “Nimemwona” na “nilimwona” tayari zinatenganisha kile ambacho Kifaransa cha kuzungumza kinachanganya: ukitaja jana, shika -li-, yaani “I saw him”. Ulinganifu huo haufiki mwisho, kwani “nimechoka” ni “I am tired”, ila unamvusha mwanafunzi mbali kuliko Kifaransa.

Kasoro kubwa zaidi: kati ya kadi 60, nne tu zinakutaka uulize. Sokoni na mpakani anayeuliza ndiye anayenunua. Kwa Kiswahili tunasema “unakaa wapi?”, kwa Kifaransa “tu habites où ?”, na zote mbili zinatuzoeza kusema “You live where?” bila “do”. Ziongeze mwenyewe, angalau kadi kumi: bei, saa ya basi, uzito wa gunia, jina la mwenye mzigo. “How much does it cost?” irudiwe mpaka “does” isitoke tena kama kitu cha kufikiriwa, na s isibaki kwenye “cost”.

Kuna pia kadi zinazokufa kwa neno moja. “Do you like bukari?” (bukari ni ugali). Yes. Imekwisha. Futa, andika: “Explain step by step how you cook bukari.”

Watu watatu wanatosha. Mmoja anavuta kadi, anafikiri sekunde 20, anasema dakika moja huku simu inarekodi. Wa pili anauliza maulizo mawili. Wa tatu anahesabu kosa la aina moja tu, lile la pembeni ya kadi, na hamkatizi msemaji. Ukimrekebisha kila neno, ananyamaza au anarudi kwenye sentensi fupi zisizo na hatari. Kisha wanasikiliza sauti, na msemaji anarudia kadi ileile kwa sekunde 45. Marudio hayo ya pili watu wengi wanayaruka, na humo ndimo kanuni inaingia mdomoni. Asiandike jibu kwanza, maana atasoma tu.

Karatasi ni nyepesi, ya fotokopi ya kawaida; vidole vya jasho vinaimaliza upesi. Omba zilizopigwa plastiki hata kama bei inapanda, na kabla ya kulipa hesabu kadi na geuza chache, kwa kuwa kuna mabunda ambayo upande wa nyuma umechapwa majibu ya kadi nyingine.